Tahadhari kwa wanunuzi wa magari Mombasa: ukilikuta limeshawashwa, usilipe

Kuna mchezo unaochezwa na baadhi ya madalali wa magari yaliyotumika hapa Mombasa, na wanaonaswa zaidi ni wale wanaotafuta Vitz, Fielder, Probox, Wish, magari ya kuendea kazini au ya kufanyia teksi. Tangazo ni zuri, bei imeshushwa kidogo tu isitie shaka, na mnaambiana mkutane kituo cha mafuta, si nyumbani kwa mwenye gari. Ukifika, gari linaunguruma. "Bosi, nimekuwashia mapema AC ikupozee." Kwa joto letu hili nani ataona ubaya? Lakini AC ni kisingizio. Injini imekwisha kupata moto, na moshi uliokuwa utoke asubuhi umetoka kabla hujafika.

Sababu ni hii. Vali zina sili ndogo za mpira zinazozuia oili isiteremke kwenye shina la vali. Zikikauka kwa joto na umri, oili hudondoka polepole usiku kucha na kutua juu ya pistoni. Gari likiwashwa asubuhi, oili hiyo huungua na kutoa moshi wa buluu, sekunde kadhaa au dakika moja hivi, kisha moshi unakatika. Ukilitazama gari lilelile saa nne mchana, eksozi ni safi kama ya gari jipya.

Kwa hivyo sharti la kwanza, kabla ya bei na kabla ya logibuku: gari lisiwashwe tangu usiku, na wewe ufike lilipolala saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Weka kiganja juu ya injini na kwenye mpira wa juu wa rejeta. Usisikie vuguvugu lolote. Toyota ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu au ya kijani inayowaka injini ikiwa baridi. Taa hiyo ni shahidi wako. Ikikosa kuwaka, au ikizimika punde tu baada ya kuwasha, gari lilikuwa limepashwa. Hapo hapo tazama pia taa ya injini: ufunguo ukiwashwa kabla ya kupiga stata, lazima iwake. Isipowaka, kuna aliyeitoa au kuiziba.

Mtu mwingine awashe, wewe simama nyuma ya eksozi, kwa ubavuni. Liache liungurume dakika kumi bila kuguswa, kisha akanyage mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa mara moja. Sili mbovu hutoa tena wingu la buluu hapo.

Muuzaji akikataa kuja asubuhi, au kila siku ana safari ya alfajiri, achana naye. Na usitume hela ya "kushikilia gari" kwa simu hata kama anakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Mtwapa.

Mchezo wa pili uko ndani ya oili yenyewe. Injini kama 1NZ-FE ya Probox na Fielder za zamani huchukua lita 3.7 za oili nyepesi, 5W-30 kwa kawaida. Mtu anayeuza gari linalokula oili humimina oili nzito sana, au chupa ya dawa ya kuzuia moshi, ambayo kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito kama uji ili isipenye kwenye ringi zilizochakaa, zile pete zinazoizunguka pistoni. Moshi unapungua wiki mbili tatu, halafu unarudi na vyuma vya juu vimekaa na njaa ya oili kila asubuhi. Chomoa kijiti cha oili injini ikiwa baridi. Oili nyepesi huteremka na kudondoka upesi. Iliyotiwa dawa huning'inia, na ukiibana kati ya vidole viwili inavuta nyuzi kama asali. Oili mpya peke yake si kosa, watu hufanya sevisi. Lakini oili ya dhahabu inayong'aa ndani ya injini ambayo chini ya kifuniko chake imeganda masizi meusi, hiyo imetiwa jana kwa ajili yako.

Fungua kifuniko cha oili gari likiwa linaunguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Likipumua kwa mipigo kama bomba la moshi, ringi zimechoka na gesi inapenya chini. Wajanja hulijua hili, ndiyo maana utakuta mpira wa brida (unaotoa mvuke ndani ya injini) umechomolewa kutoka kwenye njia ya hewa na kuelekezwa chini, ili moshi utokee uvunguni badala ya kurudi kuungua na kutokea nyuma. Fuatilia mpira huo kwa macho mpaka mwisho wake.

Barabarani, usikubali mzunguko wa Nyali pekee, kwa kuwa pale gari halifanyi kazi. Lipandishe kutoka Miritini kuelekea Mazeras, kisha geuza. Ukipanda kwa nguvu na moshi wa buluu ukafuata muda wote, fikiria ringi, au turbo kama linayo. Ukiteremka umeondoa mguu kwenye mafuta kisha ukakanyaga ghafla chini, na wingu likatoka mara moja tu, ni sili za vali. Mtu wa kutazama awe kwenye gari la nyuma, maana kioo cha ndani hudanganya.

Moshi mweupe una ujanja wake. Watu wa bara huuzoea mvuke wa asubuhi. Lakini Mombasa si Limuru: hewa yetu ya alfajiri ni ya joto, mvuke wa kawaida hauonekani sana na haudumu. Matone machache ya maji kwenye eksozi si tatizo. Wingu jeupe zito linaloendelea baada ya injini kupata moto, lenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua, na hapo mshukiwa ni gasketi ya hedi (hedi ni sehemu ya juu ya injini yenye vali) au hedi yenyewe iliyopasuka. Muuzaji huficha hili kwa dawa ya kuziba rejeta, na kwa kutoa themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) kabisa ili gari lisichemke siku ya kujaribiwa. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi tu, kamwe lisiwe moto. Ukikuta tope la kahawia au maji matupu ya bomba yenye kutu, uliza. Washa gari kifuniko kikiwa wazi: mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma ni gesi ya injini. Kuna kifaa cha kupima chenye maji ya buluu, huwekwa mdomoni mwa rejeta; kwa injini ya petroli, maji yakigeuka manjano, gasketi imekwenda. Themostati iliyotolewa hujulikana kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari: joto linatakiwa lipande na kutulia karibu nyuzi 85 mpaka 95. Likibaki 60 na kitu mkiwa mwendoni, imetolewa.

Moshi mweusi ndio usitishike nao sana kwenye petroli: filta ya hewa, sensa ya hewa, injekta inayovuja. Kwa matatu na pikapu za dizeli zenye pampu ya zamani, angalia kinyume chake. Muuzaji hurudisha nyuma skrubu ya mafuta kwenye pampu ili moshi mweusi usitoke, na gari linakuwa zito. Bila mzigo hutagundua. Weka watu ndani, panda mlima. Moshi mweupe wa dizeli unaochoma macho asubuhi ni mafuta yasiyoungua: plagi za kupasha moto, nozeli, au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iliyoshuka.

Sasa upande wa pili, maana aliyekwisha kuuziwa huibiwa mara ya pili gereji. Fundi anaona buluu, anasema ovahoo, au anakutafutia injini nyingine ya mitumba. Kabla ya kufungua chochote, badilisha vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Ni kipande kidogo na cha bei ndogo. Ikikwama wazi hunyonya oili na kutoa moshi uleule. Itikise: inatakiwa icheze kwa mlio. Ipulize: hewa ipite upande mmoja tu.

Kisha dai kipimo cha kompresheni, ukiwa umesimama hapo. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, umeme wa koili na injekta ukatwe, mafuta yakanyagwe mpaka chini, stata izungushe mara tano au sita kwa kila silinda. Andika namba. Injini nyingi za petroli husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 150 na 200, na silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Iliyo chini itilie oili kijiko kimoja, kama mililita 10, upime tena. Namba ikipanda vizuri, ni ringi au silinda. Isipopanda, ni vali au gasketi. Ila usifarijike haraka na namba nzuri. Ringi ya oili inaweza kuganda kwa masizi na gari likala oili huku kompresheni iko sawa, kwa sababu kompresheni hushikwa na ringi za juu. Injini za Toyota 1ZZ-FE za mwanzo na 2AZ-FE zinajulikana kwa tabia hii.

Na akikuonyesha plagi yenye oili, mwambie aigeuze. Oili iliyo kichwani, upande wa koili, imetoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kazi ya saa chache. Oili iliyo kwenye ncha inayotoa cheche ndiyo imetoka ndani ya silinda. Tofauti ya bili hizo mbili ni kubwa mno kuachiwa fundi aliyeishika plagi kwa kitambaa.