Matairi ya gari kuukuu la kifahari: soma tarakimu nne kabla ya kutoa pesa

Mwaka wa 2021 nilinunua matairi manne mapya hapa Nakuru, ya Mercedes yangu E200 ya 2005, ile ya taa za macho manne. Yalikuwa na vile vinyweleo vya mpira bado, na karatasi ya kiwanda imebandikwa juu ya meno. Nililipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti, nikaondoka nikijua habari ya matairi imekwisha kwa muda mrefu.

Miaka miwili baadaye nilikuwa natoka matanga Ahero, mvua inanyesha, na kabla ya kufika Londiani lori la mbele likafunga breki ghafla. Nilikanyaga breki yangu. ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande, ilitetemeka chini ya mguu na gari likaendelea kuteleza tu, kama lami imepakwa sabuni. Lilisimama hatua mbili nyuma ya lori, binti yangu akiwa kiti cha nyuma. Meno ya matairi yalikuwa marefu bado. Ningekuambia ni matairi mazuri.

Wiki hiyo nilipeleka gari kwa fundi wa alainimenti, yule anayenyoosha magurudumu yakae sawa. Likiwa juu ya mashine aliniita: "Mama, hebu njoo uone hapa." Alikuwa amemulika tochi ubavu wa ndani wa gurudumu, ule ambao mwenye gari haoni hata akipiga magoti. Palikuwa na tarakimu nne: 3113. Wiki ya 31, mwaka wa 2013. Tukaangalia la pili, la tatu, la nne. Yote 2013. Nililouziwa kama jipya lilikuwa limekaa duniani karibu miaka minane kabla halijagusa barabara.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu umri wa tairi. Sitakueleza jinsi ya kusoma saizi, imeandikwa ubavuni na hata mtoto ataisoma. Kina cha meno pia kila mtu anajua kukiangalia, na tairi lenyewe lina vijituta vya mpira ndani ya mifereji vyenye urefu wa milimita 1.6, meno yakilingana navyo, tairi limeisha. Hayo tumefundishwa. Tarehe ndiyo ambayo hakuna aliyetufundisha.

Tafuta herufi DOT ubavuni. Baada yake kuna msururu wa herufi na namba, na mwishoni tarakimu nne, mara nyingi ndani ya duara la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta tatu tu badala ya nne, hilo limetengenezwa kabla ya mwaka wa 2000, ondoka dukani.

Sasa shika hili, maana ndipo nilipoumia. Katika matairi mengi tarehe huchapwa upande mmoja tu. Upande wa pili utaona DOT na namba kadhaa, lakini zile nne za mwisho hazipo. Tairi likishafungwa kwenye rimu tarehe ikiwa ndani, hutaiona tena mpaka gari linyanyuliwe. Na kuna matairi yasiyogeuzwa, yale yaliyoandikwa OUTSIDE upande mmoja, kwa hiyo fundi hana la kufanya kama tarehe imeangukia ndani. Unasoma likiwa bado sakafuni, kabla ya rimu, mkono wako mwenyewe ukiligeuza. Unasoma moja moja, manne yote. Wasomaji wawili wa Kisumu wamenitumia picha za matairi waliyouziwa kama seti moja: mawili ya mwaka jana, mawili ya miaka sita iliyopita, yamefungwa mapya mbele na makuukuu nyuma. Gari linavutwa na magurudumu ya nyuma!

Mwenye duka atakuambia kama nilivyoambiwa mimi niliporudi kulalamika: "Mama, tairi si maziwa, haichachi." Inachacha. Ndani ya mpira wa tairi kuna mafuta yanayoufanya ulainike na kuna dawa za kuukinga na ozoni ya hewani. Kadiri miaka inavyopita mpira unakauka na kuwa mgumu. Tairi gumu lenye meno marefu linashika lami kavu vizuri kiasi cha kukudanganya, kisha mvua ya kwanza ya Machi inakuonyesha ukweli. Na tairi linalokaa bila kuzunguka halipati nafuu yoyote kwa sababu halijatumika: zile nta za kinga hutoka vizuri juu ya mpira tairi linapojikunja barabarani. Sasa lipange nje ya duka, kwenye jua la Nakuru la mwinuko wa mita 1,800 na zaidi, au kwenye joto la Kisumu, asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka. Halafu jioni moja kijana analipaka dawa ya kung'arisha na linakuwa jeusi tii.

Ile dawa ndiyo adui. Inafunika nyufa ndogondogo za ubavuni. Nenda na kitambaa chenye maji ya sabuni, pangusa, kisha kunja mpira kwa vidole gumba viwili na uangalie kama unafunguka mistari. Bonyeza kucha kwenye jino la tairi: mpira hai unaingia kidogo na kurudi, mpira uliokufa unakurudishia kucha.

Wengine watakutajia kwamba Michelin na Continental wenyewe wanasema miaka 10. Ni kweli, lakini soma wanachosema: likifika miaka 10 tangu kutengenezwa linaondolewa hata kama linaonekana zima, na Michelin wanataka ukaguzi wa kila mwaka likishatumika miaka mitano. Miaka 10 ni ya kulitoa garini. Siyo ya kuliuza. Nikinunua tairi lenye miaka minane nimelipia bei nzima kwa miaka miwili. Serikali yetu hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, lakini tairi la umri huohuo liliuzwa kwangu kama jipya na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nakubali kwamba tairi lililowekwa kwenye ghala la giza, kavu, bila joto, linaweza kukaa miaka mitatu bila madhara ya maana. Lakini sijaona ghala la namna hiyo kwenye duka la rejareja mjini kwetu. Kanuni yangu ni miaka miwili. Ikiwa saizi ni adimu na bei imeshuka kweli, mitatu. Zaidi ya hapo hata wakinipa na alainimenti bure, sichukui.

Kwa nini magari yetu hasa? Kwa sababu saizi zetu hazitembei. Tairi la Toyota Wish, 195/65 R15, linaingia na kutoka dukani kila siku, kwa hiyo hata muuzaji mbaya atakupa jipya bila kukusudia. Langu ni 225/55 R16. Mwenye duka analeta manane, anauza manne, manne yanayobaki yanangoja Mercedes nyingine ije, na sisi tulio na hizi gari Nakuru hatuko wengi. BMW 5 Series za E60 zenye matairi ya inchi 17, vivyo hivyo. Ukiwa na Mercedes C ya zamani inayotumia 205/55 R16 una bahati, maana saizi hiyo ina wateja wengi.

Na hapo kuna mtego mwingine. Akikosa yako, atakuambia 205/55 "itakaa tu." Itakaa kweli, rimu ni ileile. Lakini kwa kawaida tairi hilo lina namba 91 ya uzito, yaani kilo 615, na gari langu linataka 95, kilo 690. Ni pungufu ya kilo 75 kwa kila gurudumu, na gari ni la tani moja na nusu kabla hujapakia mtu. Kataa.

Sasa matairi yenyewe, kwa mpangilio wangu.

La kwanza ni Michelin Primacy, na sitajifanya sina upande. Ndilo nililofunga baada ya yale ya 2013. Nimepita nalo mteremko wa Sachangwan usiku wa mvua, nimekwenda Kisumu na kurudi mara nisizohesabu, na gari limerudi kuwa lile gari la kimya lililonifanya nilinunue. Watu wenye sedan hizi husahau kwamba nusu ya starehe ya gari inatoka kwenye mpira. Unabadilisha shoki na bushi kwa pesa nyingi na kelele inabaki palepale, kumbe ni matairi. Ukipata lenye herufi MO ubavuni, maana yake limeidhinishwa na Mercedes kwa magari yake. Si lazima. Na usikubali kuongezewa bei kwa neno "hii ni ya Ulaya". Michelin wana viwanda Thailand pia na sijaona sababu ya kuyakataa ya huko. Muulize tarehe badala ya nchi.

La pili ni Continental. Kwenye breki za mvua sioni linapozidiwa, na mwenye gari anayeenda kasi atalipenda kuliko Michelin kwa sababu usukani unajibu haraka. Mimi naliweka la pili kwa sababu moja tu: Nakuru sijapata seti ya manne yenye tarehe moja. Kila mara ni mawili na mawili.

Bridgestone Turanza na Yokohama nayaweka pamoja. Ni matairi ya kuaminika, ubavu mgumu unaovumilia mashimo, ila Turanza likianza kuisha huleta mvumo unaosikika ndani. Hankook na Kumho ya Korea Kusini yanafuata, na hapa nisikilizwe vizuri: Kumho la mwaka huu linashinda Michelin la miaka sita. Dada yangu wa Kisumu ana Toyota Crown inayotumia 215/60 R16, alikuwa na uwezo wa Michelin, tukasoma tarehe, tukachukua Hankook. Sijutii ushauri huo.

Ya Kichina ya bei ya chini yako mengi, Linglong, Triangle na mengine, na kwa gari la mjini mwendo wa pole yatafanya kazi. Kwa sedan nzito ya barabara kuu sinunui. Ya mtumba kutoka Japani sinunui kabisa, na ukiona limeandikwa STUDLESS, hilo ni la theluji, halina kazi Nakuru.

Bei sasa, na hili limenikera muda mrefu. Nilikwenda dukani na gari, nikatajiwa shilingi 26,000 kwa tairi moja. Saa moja baadaye kaka yangu akapiga simu duka hilohilo, akataja saizi na jina la tairi bila kutaja gari, akaambiwa 21,500. Tofauti ya 18,000 kwa seti, kwa sababu ya nyota iliyo kwenye boneti na mwanamke aliyeshika funguo. Gari lina miaka ishirini! Nimelinunua kwa bei isiyofika ya Vitz iliyoingia juzi, na bado naambiwa "Mercedes haili vitu vya bei hiyo." Tangu kiwanda cha Sameer Africa kilichotengeneza matairi ya Yana kilipofungwa Nairobi mwaka wa 2016, matairi yetu yanakuja kwa meli, na kila mtu kutoka Mombasa hadi hapa anaongeza chake. Hilo naelewa. Kuongezewa kwa sababu ya sura ya gari sielewi, na sitazoea.

Siku hizi gari naliacha nyumbani Kiamunyi, naenda na bodaboda. Kabla sijaenda natuma ujumbe wa WhatsApp: saizi, jina la tairi, na "naomba picha ya DOT ya manne yote." Anayetuma picha naenda kwake. Anayejibu "njoo tu tutaongea" simwendei. Mara mbili nimeagiza kutoka Kirinyaga Road Nairobi yakaletwa kwa gari la mizigo, na hata na nauli yalikuwa nafuu kuliko ya hapa. Na kwenye risiti naomba zile tarakimu nne ziandikwe kwa kalamu, mbele yangu. Wawili wamekataa. Wote wawili nilikuwa nimeshahesabu pesa, nikazirudisha mkobani.

Jambo moja limebaki. Mwezi uliopita nilitoa mizigo yote kwenye buti, nikainua kapeti, nikageuza spea. Meno yote yapo, halijawahi kugusa lami hata siku moja. Tarehe yake ni 0905. Lilitoka kiwandani na gari. Nimelitoa, na rimu yake sasa ina Michelin la tano, lenye tarehe moja na yale manne.