Uma wa kutoboa ardhi umefufua uwanja wetu Mtwara, huu ndo uzoefu wangu

Wadau naandika hii kwa yeyote anayehangaika na uwanja wa nyasi baada ya mvua, hasa nyie wa huku kusini, maana mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, zinaanza Novemba Desemba huko zinaachia Aprili, mwaka mwingine mpaka Mei, na zikiachia unakuta uwanja umechoka kabisa. Msimu wa 2023/24 ndo ulikuwa balaa, mwanzoni mwa Mei kikaja na kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Kilwa. Uwanja wetu wa mtaa upo bondeni, maji yote yanaishia kwetu, yalipokauka tukabaki na nyasi za njano, ukungu wa kijani kwenye vidimbwi na magolini pote pamekuwa pagumu kama saruji. Na pale ndo watoto wetu wanajifunzia mpira, wanaota siku moja wacheze uwanja mkubwa wa Nangwanda Sijaona, sasa utawaacha waanguke kwenye ardhi ile mpaka lini?

Nikampigia jamaa yangu anayetunza nyasi kwenye uwanja wa gofu Dar kumuuliza mbolea gani nitafute. Akaniambia, "Kaka achana na mbolea kwanza, hizo nyasi hazina hewa." Ndo akanielekeza huu uma wa kutoboa, wenye vibomba, ule wa watu wa gofu.

Alivyonieleza ndo nikaelewa. Wenzetu wa nchi za baridi kali, Canada, kaskazini ya Marekani huko, baridi ikiisha wanakutana na kitu kinachofanana na chetu ila kwao kinaletwa na barafu. Barafu ikiganda juu ya grini (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo la gofu) wiki kwa wiki, nyasi chini inaendelea kupumua taratibu, oksijeni inaisha, gesi mbaya zinajaa, nyasi inakufa ikiwa imefunikwa vilevile. Theluji nayo ikiyeyuka inaacha ukungu wake, mabaka ya mviringo ya kijivu au ya rangi ya waridi. Kwahiyo wao hawakurupuki. Asubuhi yenye umande ulioganda hawaruhusu mtu kukanyaga maana jani linavunjika ndani na linakufa, wanasubiri udongo upate joto, mizizi ya nyasi zao inaanza kuchangamka kuanzia nyuzi 10 hivi za Selsiasi, ndo wanatoboa, wanamwaga mchanga, wanapanda mbegu palipokufa, na mara ya kwanza wanakata juu juu tu, sio kushusha mpaka chini siku hiyohiyo. Mbolea ya naitrojeni wanaenda nayo kidogo kidogo mwanzoni, ukiimwaga nyingi mapema unapata majani mengi na mizizi hafifu.

Sisi ukoka wetu ni nyasi ya joto, udongo wa Mtwara haupoi kiasi hicho, ila maji yaliyotuama na miguu ya watu inafanya kazi ileile ya barafu, inaziba hewa.

Sasa uma wenyewe. Ni chuma mwanzo mwisho, juu mpini wa kushika mikono miwili, chini bapa la kukanyagia na chini yake vibomba vinne vya kama nusu inchi, vipo wazi ndani, mdomo umekatwa mshazari ili uwe mkali. Unausimamisha, unakanyaga kwa uzito wako wote mpaka vibomba vizame, unachomoa, unasogea kidogo, unakanyaga tena, na ule udongo wa shimo la kwanza unasukumwa na wa pili unatokea juu. Hapo ndo tofauti na uma wa kawaida wa bustani, ule unatoboa kwa kuusukuma udongo pembeni, huu unautoa kabisa nje.

Kidonge cha kwanza cha udongo kilichotoka golini nilikiokota nikakivunja mkononi. Juu kidogo tu kuna mizizi, chini yake udongo wa kijivu, una unyevu na unanuka mtaro, hakuna mzizi hata mmoja. Nikaenda kutoboa pembeni kabisa kule watu hawakanyagi, mizizi imeshuka mpaka mwisho wa kidonge na udongo unanuka udongo. Asee hapo sikuhitaji maelezo tena.

Jambo la kuzingatia ni unyevu. Udongo ukiwa tope vibomba vinaziba, unakaa na kipande cha nondo unazibua kila baada ya hatua chache, inachosha. Ukikauka sana hauzami. Huku kwetu mvua ikiachia unapata muda mfupi wa katikati ndo ufanye, na ufanye mapema kwasababu ikifika Juni vijana wote wapo mashambani wanapulizia mikorosho salfa, hupati mtu wa kukusaidia. Baada ya kutoboa tulichangishana tukaleta mchanga wa mto, msichukue wa baharini hata kama upo karibu na wa bure, una chumvi, tukamwaga na kuusambaza kwa fagio la chelewa mpaka ukaingia kwenye mashimo. Tukaufunga uwanja, hakuna mpira, wazee wa mtaa walitusaidia sana kuwaelewesha vijana. Wiki chache ukoka ukaanza kutambaa kutoka pembeni kuingia kwenye yale mabaka, ndo tukaweka mbolea ya NPK kidogo na maji jioni.

Mapungufu yapo. Kwa uwanja mzima wa mpira sahau, ni kazi ya mashine, sisi tulifanya magolini, katikati na palipotuama maji tu. Kimoja kati ya vibomba kilipinda kilipokutana na jiwe la kifusi, chuma chake chembamba, na duka la mtandaoni nililonunua hawakutaka kunibadilishia wala hawauzi kibomba peke yake, hilo liliniudhi kwakweli maana waliandika ni imara kwa ardhi yoyote. Fundi welding wa hapa mtaani akakikata akaweka bomba nene na mpaka leo kinafanya kazi kuliko vile vitatu vya dukani.

Kwahiyo kifaa chenyewe nakisifia kwa moyo wote, ila msihangaike kuagiza. Mpelekee fundi picha, mwambie bomba nene, mdomo mshazari, upande mmoja uwe na upenyo wa kutolea udongo, na vibomba vitatu vinatosha, vinne mtu mwembamba hawezi kuvizamisha.