Kununua kicheza santuri au mashine ya tepu za rili Mombasa: soma kibati cha nyuma kwanza

Kabla ya kusikiliza chochote, igeuze mashine usome kibati cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50 (mara unazotetema kwa sekunde). Iliyotengenezewa soko la Japani huandikwa 100V. Ukiichomeka hivi hivi, inaungua. Ya Marekani ni 120V, 60Hz, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Transfoma ya kushushia umeme hutibu volti tu, hezi haizigusi. Mota inayofuata hezi itazungusha sahani mara 28 hivi kwa dakika badala ya 33⅓, na mwimbaji wa taarab asikike kama amelewa usingizi. Bandika karatasi ukingoni mwa sahani, uhesabu kwa dakika 3: mizunguko itimie 100.

1. Ya mtumba, mota ya moja kwa moja. Haina mkanda wa mpira, na mkanda uliozeeka kwenye joto na unyevu wa Pwani hulegea au huyeyuka kama lami. Technics SL-1200MK2 ndiyo ya kutafuta. Kasi yake inashikwa na kwatzi, kijiwe kama kile cha saa, kwa hiyo hezi si neno. Volti bado ziangalie. Ushike mkono wa sindano kwa vidole viwili, uutikise polepole. Ukicheza kwenye bawaba, beringi zimekwisha: iache. Vichwa vya waya vyenye kutu ya kijani vinasafishika, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei tu. Tenga pesa za sindano mpya. Audio-Technica AT-VM95E huwekwa uzito wa gramu 2. Sindano iliyolika huchimba santuri, na zile santuri ndogo za kasi ya 45 za lebo ya Mzuri, zilizotolewa na Assanand & Sons papa hapa Mombasa, ukiiharibu moja kupata nyingine ni kazi.

2. Mpya, ya mkanda. Audio-Technica AT-LP60X ina pri-amplifaya (ya kukuza sauti dhaifu ya sindano) ndani, inaingia moja kwa moja kwenye amplifaya yoyote, na inatumia adapta ya volti 12. Huwezi kurekebisha uzito wa sindano, lakini anayeanza hapungukiwi.

3. Mashine ya rili. Sauti yake tamu, gharama yake chungu. Rili ya sentimita 18 yenye mita 540 za tepu, kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, huisha kwa dakika 47. Revox B77 ina mota tatu, na swichi ya volti iko nyuma. Akai za GX zina vichwa vya kusomea tepu vya kioo na feriti visivyolika upesi. Pitisha ukucha kwenye kichwa: ukikwama kwenye mfereji, kimelika. Gurudumu la mpira likiwa gumu na linang'aa, tepu itateleza. Vichwa vifute kwa spiriti ya asilimia 99, mpira usiuguse nayo.

Tepu zenyewe ndizo mtego. Ampex 456 za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, gundi yake ikalainika. Ukisikia mlio wa kukwaruza na kuona uchafu wa kahawia kichwani, zima papo hapo. Masika yakikaribia, zifunge kwenye mifuko pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

4. Ya sanduku la kubeba. Sindano yake hukandamiza gramu 5 au zaidi. Iwe pambo la sebuleni, santuri usiiwekee.