Kliniki ya homoni hapa Kisumu: maoni ya fundi cherehani baada ya miezi saba

Nashona nguo Kibuye, sare za shule na vitenge vya harusi, na riziki yangu yote iko kwenye vidole. Januari mwaka huu, shule zikifunguliwa na wazazi wamejaa mlangoni, nilishindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano. Niliulamba, nikaukata upya kwa mkasi, nikaulamba tena, na bado ukapita pembeni. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa mtetemo mdogo mdogo ambao mtu wa mbali hangeuona. Mwishowe nilimwita kijana wa duka la mitumba la jirani anitilie uzi. Nimeshona miaka kumi na tisa na sijawahi kutiliwa uzi na mtu.

Kabla ya hapo nilikuwa nakula kama mtu wa mjengo na bado nakonda. Sketi moja niliipunguza kiuno mara tatu. Usiku nilitoka jasho hata mvua ikinyesha, na moyo ulidunda nikiwa nimekaa tu. Vituo viwili nilivyoenda kwanza, ambavyo sitavitaja, vilinipa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo, na mwisho nikaambiwa nina mawazo mengi. Sokoni minong'ono ikaanza. Kuna waliouliza wazi kama nimepima. Nilikuwa nimepima, mara tatu.

Aliyeniokoa ni mteja wangu, muuguzi mstaafu aliyekuja kupimwa gauni. Nimeshika utepe begani mwake, yeye ananitazama shingo. "Mama Faith, hebu meza mate." Nikameza. "Tena." Nikameza tena. Akasema kuna kitu hapo kinapanda na kushuka, na akanituma kwa daktari wa homoni siku hiyo hiyo.

Sikujua kuna daktari wa aina hiyo. Nilidhani homoni ni mambo ya wanawake na sindano za kupanga uzazi. Kwenye benchi la kliniki ndipo nilipoelewa. Kando yangu alikaa mzee wa kisukari na kitabu chake cha kuandika sukari ya kila asubuhi. Mbele kulikuwa na mama na mtoto wa miaka tisa ambaye harefuki, na kando yao msichana ambaye hedhi ilikuwa imekatika karibu mwaka mzima. Wote hao wanaenda kwa daktari mmoja, kwa sababu shida zao zinatoka kwenye tezi, zile sehemu za mwili zinazomimina homoni, yaani kemikali zinazouamuru mwili, kwenye damu.

Sasa niwaambie kuhusu huduma yenyewe. Daktari alinichukua dakika arobaini. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, viganja chini, akaniwekea karatasi nyeupe juu ya vidole. Karatasi ile ilitikisika kama jani la mkaratusi. Hakusema kitu, aliniacha niione mwenyewe, na machozi yakanitoka, kwa sababu kwa muda wote ule hapakuwa na aliyeniamini mkono ukitetemeka. Kisha alisimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akanipa glasi ya maji ninywe kidogo kidogo. Aliisikiliza shingo kwa kile kifaa cha kusikilizia moyo. Alihesabu mapigo: 124 kwa dakika, nami nimekaa. Akaniuliza natumia dawa gani, nikasema hakuna. "Hata za nywele, mama?" Nilikuwa nameza vidonge vya biotini vya kuzuia nywele kudondoka. Akaniambia niviache siku mbili ndipo nirudi kutoa damu, kwa sababu biotini inaweza kuvuruga vipimo vya homoni vya maabara na kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Nauli ya kurudi iliniuma, lakini nilimheshimu sana kwa hilo. Wengine wangechukua damu na pesa palepale.

Majibu yalipotoka aliandika "Graves". Kwa Kiingereza nilichosoma shuleni hilo ni neno la makaburi, na nilishikilia kiti. Alinieleza upesi kwamba ni jina la mtu, Robert Graves, daktari wa Ayalandi aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1835. Halafu akaniuliza nafanya kazi gani, na akanifafanulia kwa cherehani. Tezi ya shingo, yenye umbo la kipepeo, ndiyo mashine. Kanyagio liko kichwani, kwenye tezi ndogo ya ukubwa wa njegere chini ya ubongo, inayotuma homoni iitwayo TSH. Ikikanyaga, mashine inashona, ikiachilia, inapunguza. Kwangu mimi, kingamwili zilizopaswa kunilinda ziliweka mguu wao kwenye kanyagio na hazikuutoa. Ndiyo maana TSH yangu ilikuwa karibu na sifuri: mwenye mashine alishaondoa mguu zamani, lakini sindano bado inakimbia. Mapigo ya moyo, jasho, kukonda na mikono vyote vikaeleweka kwa sentensi hiyo moja.

Nilitoka na kabimazoli, vidonge vinne vya miligramu 5 kwa siku, na propranololi ya kutuliza moyo na mikono. Aliuliza kwanza kama nina pumu, kwa sababu propranololi haimfai mtu wa pumu. Ya pili niliisikia ndani ya siku mbili. Ya kwanza ilichukua karibu wiki sita, na alikuwa ameshaniambia: dawa inazuia tezi isitengeneze homoni mpya, lakini zilizowekwa akiba lazima ziishe kwanza. Bila maneno hayo ningeacha wiki ya pili na kusema haifanyi kazi.

Jambo moja niliseme kwa wenzangu wa sokoni. Niliuziwa matone ya ayodini kama "dawa ya goita", yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa nia njema kabisa. Ni kweli ukosefu wa ayodini huleta goita, na ndiyo sababu chumvi yetu Kenya huwekwa ayodini tangu miaka ya 1970. Lakini si kila goita ni ya ukosefu. Ya kwangu ni ya mashine inayokimbia, na ayodini ya ziada ingeweza kuizidishia mwendo. Daktari aliyaweka kando matone yale bila kumtukana aliyeniuzia.

Pale waliponikosea ni hapa. Kabimazoli, mara chache, hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na dalili yake ni homa na koo kuuma. Ukiona hivyo unaacha dawa na kupimwa damu siku hiyo hiyo. Habari nzito namna hii niliambiwa na sista mlangoni, nimeinama kuchukua mkoba. Machi, siku ya Jumapili, koo liliniuma nikapata homa. Nilipiga nambari ya kwenye kadi mara sita na hakuna aliyeshika. Nilikimbilia hospitali nyingine kwa boda na damu ikawa sawa, lakini ile safari sitaisahau. Nilirudi Jumanne nikalisema wazi, kwa heshima. Mwezi uliofuata bahasha za dawa zilikuwa zimebandikwa karatasi ya njano yenye onyo hilo, kwa Kiswahili na Kijaluo. Simu ya wikendi bado haishikwi, na kwa hilo nawakata nyota moja. Nne kati ya tano.

Bei ni kali. Kumwona daktari ni shilingi 3,500, na vipimo vya siku ya kwanza vilikuwa 6,800, kwa sababu damu ya kingamwili ilipelekwa Nairobi na nikangoja siku sita. Marudio ni nafuu, ila ni kila wiki nne hadi sita mwanzoni, na sikuwa na bima. Niliuza cherehani yangu ya pili. Foleni nayo ni ndefu, daktari yuko siku mbili tu kwa wiki.

Sasa nimefika kilo 61 kutoka 49, mapigo ni 78, na kabimazoli imeshuka hadi kidonge kimoja. Nitaendelea nayo hadi itimie miezi 12 au 18. Karibu nusu ya watu ugonjwa huwarudia wakiacha, na ikiwa hivyo tutazungumza kuhusu ayodini ya mionzi, ambayo si kama ile ya matone bali huichoma tezi, au upasuaji. Hilo pia aliniambia mapema, hakunificha.

Ukienda, fika kabla ya saa moja asubuhi ushike namba za mwanzo. Beba majibu yote ya zamani, hata ya vituo vilivyokosea. Na kila unachomeza nyumbani, vidonge vya nywele, mitishamba, matone ya sokoni, vitie kwenye mfuko uvitoe mezani pale mbele yake.