Nimeuza nembo mtandaoni, nikaishia kuitwa mwizi wa nembo yangu mwenyewe

Naandika tathmini hii hasira zikiwa bado za moto na sitaki kusubiri zipoe, maana zikipoa nitaanza kuwatetea. Madizaina wengi wa hapa Dar, hasa wale wanaoshinda kwenye vyumba vya uchapaji Kariakoo, huniuliza kama yale masoko ya nembo ya mtandaoni yanalipa kweli. Mimi nilikuwa najibu yanalipa, na nilijibu hivyo kwa muda mrefu. Soko nililokuwa nauzia sitalitaja jina kwa sababu malalamiko yangu bado yako kwao, ila aliyemo humo akisoma atalijua.

Kwanza wale wasioijua biashara hii waelewe kitu kimoja. Kwenye masoko ya kawaida ya picha, mchoro mmoja huuzwa kwa watu maelfu, na ndiyo sababu masharti yao mengi humkataza mnunuzi kuufanya mchoro huo alama yake ya biashara. Nembo ni tofauti. Nembo ikiwa ya wawili si nembo tena. Kwa hiyo kuna masoko yanayouza nembo peke yake, na zinauzwa mara moja tu: mimi nachora, naiweka rafuni, mteja akiipenda analipa, inashushwa, na haki zote zinahamia kwake. Soko linachukua fungu lake, na fungu hilo si dogo. Hilo silalamikii, lilikuwa kwenye masharti na niliyasoma.

Na kwa nini nilienda huko? Kwa sababu nimechoka na wateja wa hapa nyumbani. "Kaka, nitolee logo ya duka la vipodozi, jioni naipitia, shilingi 15,000 hii hapa." Jioni anakuja, anataka na kadi za biashara, anataka na bango la juu ya mlango, na hela ni ile ile. Ukimweleza kwamba kuchora nembo ni kazi ya siku kadhaa anakuangalia unavyobonyeza kipanya na kusema mbona ni kubofya tu. Mtu huyo huyo fundi wa masofa hamwambii mbona ni kugonga misumari tu.

Ndiyo maana nembo yangu ya kwanza kununuliwa mtandaoni ilinipa furaha ambayo sijui niieleze vipi. Aliyenunua ni dada mmoja mwenye duka la mikate huko Kanada. Alichukua nembo yangu ya njiwa. Baadaye akaniandikia kupitia soko, kwa adabu kabisa, akiomba toleo la rangi moja la kutengenezea muhuri wa kugonga kwenye mifuko ya karatasi. Nikamtengenezea na kumtumia. Akanirudishia picha ya mlango wa duka lake, njiwa wangu amechorwa pale kwenye kioo, mkubwa kama sinia. Nilimwonyesha mama ile picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia weee, halafu akauliza, "Na huyu mama wa Kizungu anajua wewe ni mtoto wa Temeke?"

Mambo ya malipo nitayapita haraka. Akaunti ya PayPal ya Tanzania haikuwahi kunisaidia kupokea hela, ilikuwa ya kulipia tu, kwa hiyo nikapitia Payoneer, huduma nyingine ya malipo ya mtandaoni, hadi benki. Kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, lazima uijaze. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mrabaha unaotoka kwa wateja wa kule unaweza kukatwa asilimia 30. Linauma, lakini ni sheria ya nchi ya watu, na niliambiwa mapema.

Kilichonitoa machozi ni mbuzi ya nazi.

Mama ana mbuzi ya kukunia nazi, ya miaka mingi, kibao chake kimelainika mpaka kinang'aa. Chuma chake chenye meno kina jino moja limevunjika, la nne kutoka kushoto. Limevunjika tangu nikiwa shule ya msingi na hakuna aliyewahi kufikiria kununua mbuzi nyingine. Siku moja nikiwa nimekaa pale uani nikaona kile chuma kikiwa kimeelekea juu, mviringo wake na yale meno, kama jua linachomoza. Nikaichora hapo hapo nyuma ya risiti ya LUKU, ile ya kununulia umeme. Mbuzi kwa chini, jua kwa juu, meno ndiyo miale. Mwale mmoja mfupi.

Nilikaa na mchoro ule jioni nyingi, umeme ukikatika nasubiri ukirudi naendelea. Wanaochora vekta, yaani michoro ya kompyuta inayojengwa kwa nukta na mistari, wanajua kazi yake: kila jino lina nukta zake, ukivuta moja mviringo mzima unapinda. Niliichapa kwa ukubwa wa muhuri wa ofisi nikaona wino unaziba nafasi kati ya meno, nikapunguza meno, nikapanua nafasi, nikachapa tena. Lile jino fupi nililiacha makusudi. Ukilijaza, ile alama inakuwa jua kama majua mengine yote yaliyojaa mtandaoni. Likiwa fupi, unaona chuma. Unaona kitu ambacho kimefanya kazi.

Nikaiweka sokoni. Ikakaa. Watu wakaipenda, wengine wakaihifadhi kwenye orodha zao, na kuna mmoja aliuliza kama naweza kuongeza jina. Kisha, miezi kadhaa baadaye, inaingia barua pepe: kazi yako imeondolewa kwa kukiuka hakimiliki ya mtu mwingine, akaunti yako imesimamishwa, salio lako limezuiwa hadi uchunguzi ukamilike. Na kiungo cha ushahidi.

Nikafungua kiungo. Ni soko jingine kabisa, moja la yale ya bei rahisi. Kuna kifurushi cha alama za jikoni, vinu, vyungu, miiko, na katikati yake ipo mbuzi yangu. Rangi imetolewa kwenye chungwa ikawa kijani. Mchoro umegeuzwa kama kwenye kioo, kilichokuwa kushoto kiko kulia. Na jino limevunjika. La nne kutoka kulia.

Nilihema. Huyu mtu hakuchora chochote. Alichukua picha yangu ya maonyesho, akaipitishia programu ya kufuatiliza mistari, akaigeuza, akaipaka rangi, na akili yake haikumtuma hata kujiuliza kwa nini jino moja ni fupi. Amebeba jino la mama yangu akaliuza kwenye kifurushi.

Nikajibu siku hiyo hiyo. Nikawatumia faili asili lenye tabaka zake zote na tarehe ya kuundwa. Nikawatumia picha ya ile risiti ya LUKU, ambayo ina tarehe imechapwa na mashine, na mchoro wa kalamu kwa nyuma. Nikaenda Temeke kupiga picha mbuzi yenyewe, kwa mbele, karibu, meno yanahesabika, la nne kutoka kushoto halipo. Mama akauliza napiga picha mbuzi yake ya nini. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Mtu yeyote mwenye macho mawili akiweka picha zile tatu pamoja anajua nani kachora na nani kageuza.

Jibu likachelewa sana. Likaja, jina langu limekosewa, na limesainiwa na mhudumu ambaye sitamtaja hata jina la kwanza. Alisema wamepitia, uamuzi unabaki. Halafu akaongeza sentensi ambayo bado inanikereketa ninapoandika hapa: kwamba vyombo vya asili vya Kiafrika ni mali ya wote, havina mwenyewe, kwa hiyo picha ya kifaa hicho haithibitishi kitu, na huenda mimi na yule muuzaji mwingine tulitazama chanzo kimoja.

Chanzo kimoja! Chanzo ni mbuzi iliyoko kwenye jiko la mama yangu.

Na angalieni hoja inavyojikata yenyewe. Kama havina mwenyewe, mimi nimemwibia nani? Mbona kwangu ni wizi na kwake ni urithi wa Afrika? Hakuna anayedai kumiliki wazo la mbuzi ya nazi. Kila mtu pwani hii achore mbuzi mpaka achoke, halali yake. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda mchoro wenyewe, mstari kwa mstari. Ni kama michoro ya tingatinga: tangu Edward Saidi Tingatinga afariki mwaka 1972 mamia ya wachoraji wa mji huu wameendelea na mtindo ule na hakuna ubaya, lakini ukichukua turubai ya mwenzako pale Oysterbay ukafuta sahihi yake ukaweka yako, wewe ni mwizi, na kila mtu pale atakuita hivyo.

Niliwaandikia haya, kwa Kiingereza kilichonyooka. Nikawaeleza kwamba Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwamba haki inaanza pale kazi inapoundwa bila kusubiri cheti, na kwamba Tanzania na Marekani zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo mchoro wa Temeke unalindwa na huko kwao. Jibu: suala lako limefungwa. Kutoka kwa mhudumu mwingine, ambaye ni wazi hakusoma chochote.

Nataka kuwa mkweli kwao. Mashine yao ya kulinganisha picha ina kazi yake, na mimi mwenyewe nilikuwa naipenda. Wezi wa nembo ni wengi mno. Yule dada wa mikate asingependa kusikia kwamba njiwa aliyemchora mlangoni ni wa kampuni nyingine. Bila ukaguzi soko zima lingejaa takataka ndani ya wiki. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu: moja ya wateja wenye heshima, moja ya bei ambayo Kariakoo huipati, moja ya ukaguzi.

Lakini ukaguzi upi? Mashine inaweza kujua picha mbili zinafanana. Haiwezi kujua ipi ilitangulia. Kwa kazi hiyo ndipo wamemweka binadamu, na binadamu yule aliletewa risiti yenye tarehe, faili, na jino lenyewe, akachagua kunifundisha mimi kuhusu vyombo vya Kiafrika. Ile nyota ya ukaguzi naiondoa. Na ile ya bei, hela zangu ziko kwao na siwezi kuzigusa, kwa hiyo bei nzuri inanisaidia nini?

Mchoro nimeupeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajiliwe, niwe na karatasi mkononi. Cheti si sharti ili haki iwepo, ila ukiwa unabishana na watu wasiotaka kuangalia, karatasi yenye muhuri inasaidia. Msichanganye na BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kule ni alama ya biashara, anaisajili yule anayefanyia biashara, si lazima awe mchoraji. Kifurushi cha yule bwana nacho nimekiripoti kwenye lile soko lake la bei rahisi. Bado kinauzwa.

Kijana mmoja wa Sinza ameniuliza jana kama ajiunge. Nilimwambia usithubutu. Baadaye nikamwona yuko na mteja anayebishana naye kuhusu elfu kumi, nikamwambia basi jiunge, lakini hela ikifika kiwango cha chini cha kutoa, itoe siku hiyo hiyo, usiiache ilale kwao, na kila mchoro uliouanza kwa kalamu uuhifadhi. Leo nikiisoma tena ile barua narudi kwenye jibu la kwanza. Asijiunge. Si pale. Yapo masoko mengine, na ayapime kwa swali moja: ukituhumiwa, kuna mtu utakayeongea naye, au kuna fomu tu?

Nyota moja. Wakifungua akaunti na kunipa salio langu nitarudi hapa kuandika kwamba wamenilipa, na nitaongeza nyota, sina kinyongo cha hela. Ila yale maneno kwamba vitu vyetu havina mwenyewe, hayo nayaacha hapa kama yalivyo hadi aliyeyaandika aniombe radhi, na kwa jina langu lililoandikwa sawasawa.