Miwani ya kusomea ya kwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kilichoniumbua mimi ni LUKU. Umeme umeisha saa mbili usiku, namba 20 ziko kwenye simu, nami naisogeza simu mbali, naisogeza tena, mpaka mkono ukaisha urefu. Mita ikakataa mara mbili. Binti yangu wa darasa la nne akaichukua simu akanisomea namba kama anaimba. Nilikuwa na miaka 44.

Kama nawe umefika hapo, si ugonjwa. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujirekebisha kuangalia cha karibu, na huendelea hivyo hadi kwenye miaka 60 na ushee. Wanaosema miwani itayafanya macho yawe mavivu wamekosea: lenzi itakakamaa uvae usivae.

Kabla ya aina, namba. Dukani watu husema "plasi": plasi moja, moja na nusu, mbili. Mwenye miaka arobaini na kitu mara nyingi huanzia plasi moja hadi moja na nusu. Wa miaka 60 huwa kwenye mbili na nusu hivi. Namba kubwa haina maana ya kuona vizuri zaidi. Kwa jicho lisilo na tatizo jingine, plasi mbili mwisho wake ni nusu mita, plasi tatu ni sentimita 33, na kupita hapo ni ukungu. Ndiyo maana anayekimbilia namba kubwa huishia kubandika gazeti puani. Chukua ndogo kabisa inayokusomesha ukiwa umekaa kama unavyokaa siku zote.

Sasa mpangilio wangu. Ya kwanza ni miwani ya tayari, ile rahisi yenye namba yake, ila uinunue baada ya kupimwa macho. Najua wenye maduka hawatanipenda. Lakini kama macho yako yote mawili yana namba moja na ya mbali unaona sawasawa, huhitaji zaidi ya hiyo. Wachuma chai wa Assam, India, waliopewa miwani ya kawaida ya kuona karibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uchumaji wao wa siku ulipanda kuwapita wenzao wasiopewa kwa karibu asilimia 22. Hakukuwa na fremu ya kifahari pale.

Kupimwa ni lazima kwa sababu nyingine. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona kimyakimya bila maumivu, na kisukari hugusa mishipa ya nyuma ya jicho. Machinga mwenye trei ya miwani begani hawezi kukuonea hayo, hata awe mkweli namna gani.

Ukishajua namba, kagua lenzi. Igeuze mpaka uone taa ndefu ya dukani iking'aa juu yake, kisha iinamishe taratibu. Mwanga ukitambaa kwa ulaini, sawa. Ukijikunja na kuyumba kama unauona ndani ya maji, irudishe, hiyo itakupa kichwa kuuma. Fanya kwa lenzi zote mbili. Mimi niliwahi kukuta moja nzima na mwenzake ovyo. Halafu nunua mbili, moja ya jikoni na moja ya mkobani.

Ya pili ni ya kutengenezewa kwa vipimo vyako, kwa kusomea tu. Hii ni ya mwenye jicho la kulia lisilolingana na la kushoto, au mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa kila upande. Kwa watu hao, ile ya tayari hata usiwauzie. Fundi atapima pia umbali kati ya mboni zako. Asipopima, muulize.

Ya tatu ni progresivu, ile isiyo na mstari, juu mbali, chini karibu. Mimi ndiyo niliyoanza nayo, muuzaji aliisifia mno. Siku tatu nilishuka ngazi kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Pembeni kwake kuna ukungu, kwa hiyo unageuza kichwa, si macho tu. Kusoma kibao cha daladala kwa jicho la upande sahau. Inamfaa anayevaa tayari miwani ya mbali, au mwalimu anayetazama daftari na ubao muda wote. Bei yake inauma, na ikikaa vibaya usoni hata kidogo haifanyi kazi. Kabla ya kulipa, uliza kama wataitengeneza upya ukishindwa kuizoea.

Ya nne ni yenye mstari katikati. Juu ya mstari ni mbali, chini ni karibu. Ni nafuu kuliko progresivu, ila kitu huruka ghafla jicho likivuka mstari. Wapo wanaoipenda. Mimi hapana.

Ya mwisho kabisa: ya kurithi. Miwani ya marehemu baba ibaki kumbukumbu.

Utaongezewa na lenzi za kuzuia mwanga wa bluu wa simu. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, uliokusanya majaribio 17, uliona kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi. Pesa hiyo nunulia miwani ya pili.

Siku za mwanzo, ivue kabla hujasimama. Ukitembea nayo sakafu huonekana imepanda juu, na cha mbali chote ni moshi. Ukichoka kuvua na kuvaa, tafuta fremu fupi za nusu lenzi, unachungulia kwa juu kama karani wa mahakama. Wiki mbili zikipita na kichwa bado kinauma, rudi ukapimwe upya. Na usiifute kwa khanga yenye vumbi, inakwaruza. Yangu ya jikoni ninaitundika kwa kamba kwenye msumari, pembeni ya mita.