Chambo cha mbuta: anza na kambare

Ukienda kununua chambo cha mbuta, yaani sangara wa Ziwa Victoria, pale Kisumu, usianze na bei. Uliza kitakaa hai kwa muda gani. Mbuta hula samaki wenzake, na kinachomwita ni kitu kinachohangaika majini.

Kwangu wa kwanza ni kambare mchanga, mumi wale wa mabwawa ya wafugaji. Ana kiungo cha kupumulia hewa, kwa hiyo huvumilia ndoo yenye maji kidogo, na hata akishatungwa huendelea kujinyonganyonga kwa saa nyingi. Chagua wa urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, sharubu zote zipo, ngozi haina vidonda. Akipanda juu kumeza hewa usimkatae, ndivyo alivyoumbwa. Mimi niliwahi kumfokea muuzaji kwamba samaki wake wanakufa. Waliokuwa pale walinicheka hadi nikaondoka. Ndoano ipitishe kwenye nyama ya mgongo, mbali na uti, la sivyo umemuua wewe mwenyewe.

Fulu, samaki mdogo wa ziwani, ndiye wa pili. Ni windo la mbuta tangu zamani, na ukimfikisha akiwa mzima anaweza kumpita hata kambare. Shida ni kumfikisha. Kwa jua letu hili na ndoo iliyojaa, kabla hujafika ufukwe wa Dunga nusu yao wameelea. Nunua wachache, karibu na maji.

Chambo bandia chenye umbo la samaki kinataka boti ya kukikokota polepole kando ya miamba, tuseme upande wa Mbita na Rusinga. Ukikirusha kutoka ufukweni penye gugumaji, utavua majani mchana kutwa. Kabla ya kulipa, kagua ndoano zake: zikipinda kwa vidole, mbuta atazinyoosha.

Omena (dagaa) mbichi ni laini mno, hutoka ukirusha tu. Peleka jikoni. Nyungunyungu waachie wanaotafuta ngege (sato).

Na ndoano usinunue kwa kukisia. Namba ikipungua, ndoano inakua: 9 ni kubwa kuliko 12, na wengi huchukua kinyume. Ndoano ndogo hukuletea mbuta wa chini ya sentimita 50, ambao kanuni za ziwa zinakataza. Kwa kambare wa urefu ule, mimi huchukua namba 9.